Mbuzi wanatupa mimba baada ya mvua, na kaka ana homa. Tufanyeje?

Mwana wa Kongwa: Wadau, naombeni ushauri. Mvua zimejaza mbuga nyuma ya zizi, mbu hawasemeki. Wiki hii mbuzi tisa na kondoo sita wametupa mimba, na wanakondoo wachanga wanakufa. Kaka ndiye aliyewazalisha, mikono mitupu. Tangu juzi ana homa, kichwa na maungo yanamuuma, malaria haikuonekana. Baba anataka kuchinja waliodhoofika kabla hawajafa. Jirani anasema ni kupe, tuogeshe tu.

Mganga wa Mifugo (mstaafu): Pole sana mwanangu. Kwanza, mzee asichinje! Mifugo ikitupa mimba kwa mkupuo baada ya mvua kubwa, chukulieni ni Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, mpaka vipimo vikatae. Virusi vimo kwenye damu na maji ya uzazi. Binadamu wengi huvipata kwa kuchinja, kuchuna na kuzalisha. Mwaka 2007 ugonjwa huu ulipita hapa Dodoma, ukaua watu. Kaka aende hospitali leo, na aseme mwenyewe kwamba ameshika mimba zilizotupwa. Asiposema, nani atakisia? Akitoka damu au macho yakififia, msingoje.

Mwana wa Kongwa: Shikamoo daktari. Lakini hatujaingiza mnyama mgeni. Ugonjwa umetoka wapi?

Mganga wa Mifugo: Marahaba. Umetoka mbugani humohumo. Kuna mbu ambao mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi yakiwa na virusi. Maji yakituama, yanaanguliwa.

Mama Maziwa: Maziwa chemsheni, mdogo wangu, hata ya mtoto. Kuogesha kuna faida, maana kupe nao hueneza Homa ya Kongo, ugonjwa mwingine wa virusi, ila hakutaponya hili.

Mwana wa Kongwa: Kaka amefikishwa hospitali, wamechukua damu. Baba amekubali kutochinja. Je, tuchanje waliobaki?

Mganga wa Mifugo: Si sasa. Sindano moja ikipita kwa mbuzi wengi itabeba virusi kutoka kwa mgonjwa hadi mzima, na ile chanjo hai ya zamani (yenye virusi hai vilivyopunguzwa nguvu) yenyewe hutupisha mimba. Mwiteni afisa mifugo wa kata achukue sampuli.

Mwana wa Kongwa: Anakuja kesho asubuhi. Na vile vitoto vilivyokufa?

Mganga wa Mifugo: Msiviguse kwa mikono mitupu, na mbwa wasivifikie. Afisa akishachukua sampuli, shimo refu, mbali na kisima.