Usukani haurudi katikati wenyewe baada ya kukata kona

Chuma_na_Moto
Wakuu, habari za kazi. Nimejenga gari dogo la wazi la viti viwili, umbo la Lotus Seven ile ya mwaka 1957. Fremu na wishiboni za mbele (mikono ya chuma inayoshika magurudumu) nimezichomelea mwenyewe. Reki ya usukani (chuma chenye meno kinachosukuma magurudumu yageuke) na stabu ekseli (vyuma vinavyobeba magurudumu) zimetoka kwenye gari la zamani lililooza bodi. Lote halifiki kilo 600.

Linawaka vizuri na breki zinashika. Shida ni kwamba nikikata kona, usukani unabaki pale pale nilipouacha, mpaka niurudishe kwa mikono. Juzi nilikuwa natoka kwenye kona ya kushoto, mwendo kama kilomita 30 kwa saa, nikalegeza mikono kama nilivyozoea kwenye gari lolote. Likaendelea kukata kushoto hadi tairi ikapanda ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia, ila tangu siku hiyo sijalitoa nje.

Matairi yanaangaliana kidogo kwa mbele, tofauti ya milimita 2. Upepo ni psi 20. Kuna aliyenishauri niyabananishe zaidi. Nianzie wapi? Wishiboni zile zimenila wiki mbili, sitaki kuzikata kabla sijajua kosa liko wapi.

Mzee_wa_Shimo
Kijana, weka grinda chini kwanza. Kubananisha matairi kutakulia mpira tu, usukani hautarudi kwa hilo.

Tafuta panapokaza. Pandisha mbele kwa jeki, weka stendi, chomoa tairodi, vile vyuma vinavyounganisha reki na magurudumu, pande zote mbili. Geuza kila gurudumu peke yake, kulia na kushoto, halafu geuza usukani peke yake. Boljointi (viungo vya mpira wa chuma ambavyo gurudumu hugeukia) mpya hukaza siku za mwanzo, hilo ni kawaida. Ukisikia usukani mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, mara mbili kwa kila mzunguko, angalia zile jointi mbili za msalaba kwenye kolamu (mhimili wa usukani), huenda hazikufungwa kwa mpangilio mmoja. Usipoona kitu hapo, legeza bolti za reki uone kama inaruka. Nimeona reki nyingi zimefungwa kwenye brakiti zilizopinda, fundi anakaza bolti na reki inajikunja ndani kwa ndani. Nguvu ya kurudisha usukani ni ndogo, msuguano wa namna hiyo unaimaliza yote.

Chuma_na_Moto
Mzee, shikamoo, na asante sana. Ilikuwa reki. Nilipolegeza bolti ya kulia, mwisho ule uliinuka milimita 2 nzima. Nimeweka shimu (kibati cha kujaza pengo), sasa inateleza mwanzo hadi mwisho. Nimesukuma gari uani: usukani unarudi, lakini hauvuki nusu ya njia.

Pembe_Digrii
Basi sasa ni kasta, yaani mlalo wa kwenda nyuma wa mstari ambao gurudumu hugeukia. Tazama uma wa baiskeli: umelala kuelekea nyuma kwa juu. Ukiurefusha mstari wa ule uma hadi chini, unagusa ardhi mbele ya mahali tairi inapokanyaga. Tairi inaburutwa nyuma ya mstari, ndiyo maana inajinyoosha. Kwenye gari lako mstari huo unapita boljointi ya juu na ya chini.

Weka gari sakafu iliyo sawa, likiwa na uzito wa dereva ndani. Ning'iniza timazi kutoka katikati ya boljointi ya juu, pima kamba iko nyuma ya ile ya chini kwa milimita ngapi. Kama kimo kati yake ni milimita 250, basi milimita 9 ni digrii 2, milimita 22 ni digrii 5.

Gari ulikotoa vile vyuma lilikuwa na injini nzito juu ya magurudumu ya mbele. Ukikata kona, mlalo wa boljointi kuelekea ndani huinua pua ya gari kidogo, na uzito ule ukishuka unarudisha usukani. Wewe uzito huo huna, kwa hiyo kasta iliyolitosha lile haikutoshi. Lenga digrii 5.

Huhitaji kukata kitu. Hamisha washa (pete za chuma) za wishiboni ya juu kutoka nyuma ya bushi, pale mkono unapoungana na fremu, kuja mbele yake, mkono mzima utasogea nyuma. Pande zote mbili zilingane, la sivyo gari litavutia upande wenye kasta ndogo. Ukimaliza, pima upya mwelekeo wa matairi, na geuza usukani hadi mwisho kila upande uone mpira wa breki hauvutiki.

Mzee_wa_Shimo
Marahaba. Msikilize huyo. Usukani utakuwa mzito kidogo ukiegesha, usishtuke.

Chuma_na_Moto
Nimepima. Kimo ni 250 kweli. Kushoto milimita 8, kulia 11! Kwa hiyo hata kulingana hazikulingana, na nilikuwa nalaumu matairi. Brakiti nilizifanya pana, washa zote zilikuwa nyuma. Nimesogeza kushoto 13, kulia 10, sasa pande zote ni 21. Mwelekeo wa matairi nimeurudisha milimita 2, mpira wa breki uko huru.

Leo alfajiri nimelipeleka kwenye uwanja mtupu. Kilomita 20 kwa saa, nusu mzunguko kulia, nikafungua viganja bila kuviondoa. Usukani ukateleza ndani ya mikono yangu ukirudi wenyewe, ukasimama vidole viwili kabla ya katikati. Kushoto hivyo hivyo. Nimerudia mara kumi na moja. Boljointi zikilainika nitapima tena hivyo vidole viwili.