Yule mwalimu wa "Moreover" kanidhalilisha leo mbele ya darasa zima

Wakuu salaam. Nimetoka darasani sasa hivi, niko kwenye daladala nimesimama, mikono inatetemeka kwa hasira kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Simtaji jina. Aliyewahi kupanda zile ngazi kwenda kusoma IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kwake anamjua, yule wa tai nyekundu na kalamu nyekundu, anayekohoa kwanza kabla ya kumtukana mtu.

Leo kasimama mbele, kashika insha yangu kwa vidole viwili kama kaokota nepi, kaanza kuhesabu kwa sauti. "Moreover moja. Furthermore mbili. In addition tatu. Moreover tena, nne." Darasa linamwitikia kama wanahesabu magoli! Kafika 11, kakohoa, kasema "Dada, hii ni insha au treni ya mizigo? Mabehewa yote haya yamebeba nini?" Watu wamecheka mpaka feni ikasimama.

Sasa nauliza, hayo mabehewa kanipa nani? Si yeye? Wiki ya kwanza tu katuuzia desa lake la viunganishi, fotokopi kurasa 4 buku 5, kuanzia "To begin with" mpaka "In a nutshell", akatuambia ririni yote, kila sentensi ianze na kimoja, mtahini akikuta sentensi kavu anakata maksi. Nimeriri. Nimeriri napika, nimeriri nanyonyesha, mwanangu neno lake la kwanza litakuwa "nevertheless" badala ya mama! Leo nimeandika kama alivyotaka ndo ananihesabia mbele za watu kama mwizi wa kuku.

Na hizo 11 ni uongo, "Besides" kaihesabu mara mbili.

Kinachoniuma, kahesabu weee lakini kosa lenyewe hakunionesha. Kaja kunionesha binti mmoja tunayesoma naye, tumesimama pale ngazini. Niliandika "Many people are moving to Dar es Salaam. Moreover, the rent is high." Kumbe hapo siongezi kitu, hayo ni matokeo, watu wakijaa kodi inapanda, ilitakiwa "As a result". Na "On the other hand" nimeiweka mahali ambapo hakuna upande wa pili wowote, naendelea kusifia kitu kilekile. Dakika 5 za ngazini nimeelewa kuliko miezi 2 ya ada yangu! Akaniambia ule mshikamano wa hoja ni robo nzima ya maksi za kuandika, na ukirundika viunganishi kama mashine ndo unashuka bendi, yaani daraja la alama, wanataka vipite bila msomaji kushtuka. Mwalimu hayo anayajua. Anayajua, kanyamaza, kaona bora ahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Na kile kikohozi chake!

Nataka buku 5 yangu ya desa. Nawasilisha.

Mzee wa Kisogo: Nilikuwepo darasani. Zilikuwa 12, "What is more" aliiruka.

Shangazi Pilipili: Pole mdogo wangu. Mimi alinifanyia hivyohivyo kwa "despite of". Kaiandika ubaoni na jina langu pembeni, kaiacha wiki nzima haifutwi. Ni "despite" peke yake, yenye "of" ni "in spite". Sitasahau mpaka naingia kaburini.

Dereva Mstaafu: Uzi mzima umeandika bila moreover hata moja na tumekuelewa vizuri tu. Mwalimu kakusaidia huyo, kamrudishie asante.

Mleta uzi: Usinichokoze, leo sio siku. Ulihesabiwa wewe? Mbele ya watu 30?

Jirani wa Nakuru: Huku Kenya mwalimu wetu wa praimari ukikosa "last but not the least" kwa composition ulikuwa unalimwa viboko. Kuja form one mwingine akatuchapa kwa kuiandika. Afadhali nyinyi mnahesabiwa.

Kalamu ya Risasi: Yote hayo yana nafuu. Bosi wangu kanirudishia barua ya kuomba likizo mara 4. Mara weka "With reference to the above subject", mara toa "above", mara "kindly" zimekuwa nyingi, mara mbona hujaweka "kindly". Mpaka anasaini, harusi ya dada yangu imeshapita.

Mzee wa Kisogo: Wewe angalau unasainiwa. Mimi likizo naisikia kwa majirani.

Mleta uzi: Jamani, kahesabu "Besides" MARA MBILI.

Shangazi Pilipili: @Kalamu ya Risasi huyo bosi ni yule mfupi wa jengo la karibu na mataa? Anayevaa miwani kichwani halafu anaitafuta?

Kalamu ya Risasi: Huyo huyo! Wewe kakufanya nini?

Shangazi Pilipili: Ngoja niepue dagaa jikoni, nakuja.