Ulishaenda maonyesho ya sufu na grupu lako la kufuma? Tupeane uzoefu, na tuseme ukweli kuhusu pesa

KulabuYaMwiki
Wapendwa wa uzi, habari zenu. Juzi Jumamosi tulienda maonyesho ya sufu na kazi za mkono upande wa Karen, watu saba wa grupu letu, ile hukutana Jumapili baada ya kanisa tunafuma na kunywa chai na kusema watu, na mpaka saa hii sijui kama nicheke ama nilie. Wacha nianze na yangu halafu mlete zenu.

Tulikuwa tumekubaliana, na ikaandikwa kabisa, kila mtu abebe elfu mbili peke yake, keshi, nauli kando. Mambo ya M-Pesa hapana, juu tunajijuanga. Tumefika saa tatu. Kufika saa tano nikampata mhazini wetu, yule yule aliandika hiyo sheria, amejificha nyuma ya stendi ya uzi uliotiwa rangi na maganda ya kitunguu, ameinamia simu anaingiza PIN polepole kama mtu anasali rozari. Akaniona. Nikamwona. Nikamwambia mimi siongei, ninunulie pia shada moja. Akanunua. Sasa niko na deni la ngiri moja na mia mbili na siwezi hata kumshtaki.

Lakini hiyo si ndio shida. Mimi nilikuwa nimeendea uzi wa kumalizia sweta ya mzee, nilibakisha mkono mmoja. Nikapata bluu ile ile, jina lile lile kwa lebo, nikabeba boli tatu nikashukuru Mungu. Usiku nikafuma, taa ya stima, mambo sawa. Asubuhi mzee anatoka nje na sweta kwa jua, mkono wa kushoto ni wa mtu mwingine!! Kumbe kwa lebo kuna namba mbili, ya rangi na ya loti, yaani ule mkupuo waliopika rangi siku hiyo, na mkupuo mwingine hata wakifuata vipimo hutoka tofauti kidogo. Miaka 11 nafuma na sijawahi soma hiyo namba ya pili. Na kinachoniuma ni mmoja wetu alikuwa ameniambia hapo hapo, mama angalia loti, lakini yeye ni mtu wa kwetu, L na R kwake ni kitu kimoja, mimi nikasikia angalia lori nikaruka kando ya barabara na boli zangu nikizikumbatia.

Haya. Ulienda na nani, mkarudi na nini, na kuna mtu hamwongeleshani?

TeteUmoja3
Angalia lori 😂😂😂 nimekufa

Mwanagrupu wa kimya
Mimi nilienda na dada zangu wawili nikapoteza kulabu. Mama alitengenezewa na fundi wa baiskeli, ni spoki imepigwa ikakunjwa ncha, imefuma vitambaa vya viti vya nyumba nzima na vya majirani. Nilikuwa nimeitumia kushikilia nywele. Sina mengine.

FundiSwetaKario
Pole sana wa hapo juu, hiyo ni msiba.

Mimi ni mwanaume na nafuma, tena ndio kazi, niko na mashini mbili za kufuma Kariobangi natoa sweta za shule. Nilienda na akina mama watano wa chama chetu. Kwa geti jamaa wa usalama akawaangalia wale wamama, akaniangalia, akasema dereva abaki parking. Nikamwambia mimi si dereva. Akauliza, sasa wewe umebeba nini? Nikamwonyesha sindano. Akaniruhusu lakini sura ilikuwa ya mtu ameona maajabu.

Kule ndani nikapenda uzi wa kusokotwa na mkono, ile ya akina mama wa Nanyuki wenye wamekuwa wakisokota sufu tangu miaka ya sabini, yaani ukiishika unasikia kondoo. Nikajiambia hii nikiweka kwa mashini nitoe sweta moja kali ya kuuzia watu wa Westie, nitatajirika. Wale wamama wakaniambia fundi usijaribu. Nikajaribu. Wadau, mashini inataka uzi mwembamba, sawasawa mwanzo mpaka mwisho, imekaa kwa koni. Uzi wa mkono una mahali umenenepa na mahali umekonda kama barabara za mtaa. Nilivunja sindano nne za mashini kabla sijafika laini ya kumi, na hiyo ilikuwa wiki ya mwisho kabla shule zifunguliwe Januari, niko na oda ya sweta 60. Mwishowe nikachukua sindano mbili za kawaida nikafuma na mkono usiku kama nyanya yangu. Kofia mbili tu. Hakuna Westie.

KulabuYaMwiki
Fundi sasa hizo kofia zilienda wapi?

FundiSwetaKario
Moja nimevaa nikiandika hapa. Baridi ya Julai si mchezo.

BedsitaRoysa
Mimi nilinunua kondoo. Si kondoo mzima, koti yake.

Tulienda wanne, marafiki wa kutoka chuo, ilikuwa siku ya kuonyeshwa vile manyoya hukatwa, upande wa Kinangop, baridi ya kule hata mbwa inavaa. Kondoo walikuwa Corriedale, aina ya sufu, si hizi Dorper za nyama, Dorper manyoya yake ni ya kujidondokea tu huwezi toa uzi. Mzee alikuwa anakata, anashika kondoo ameikalisha kitako kama mtoto ananyolewa, na ile koti inatoka yote pamoja kama mtu anavua kabuti. Sisi wote midomo wazi. Wenzangu wakapiga picha. Mimi nikauliza bei. Hii ndio tofauti ya mtu ako na akili na mimi.

Kilo tatu kwa gunia. Kwa matatu ya kurudi nikaiweka chini ya kiti, madirisha yamefungwa juu ya baridi, kabla tufike Limuru kondakta ameanza kuuliza nani amebeba mbuzi na mbuzi inalipa kiti. Wale marafiki zangu watatu, watu tumelala hosteli moja miaka minne, wakaangalia nje ya dirisha kama hawanijui.

Sasa kuosha. Nilikuwa nimeambiwa vizuri: maji moto kabisa, sabuni ya vyombo, tumbukiza, acha itulie, usikoroge, toa kabla maji hayajapoa juu mafuta ya kondoo yakipoa yanarudi kushika. Nyumba yangu ni bedsita na maji hapa kwetu huja Jumanne na Ijumaa. Niko na mitungi miwili ya lita 20. Beseni ya kwanza maji yalitoka meusi kama chai ya rangi imesahaulika kwa jiko, juu yake kuna kitu kinaelea kama siagi, chini ni mchanga, majani, na vitu vyenye sitataja hapa watu wakikula. Ya pili ikatoka kahawia. Ya tatu nimeishiwa maji na gesi inalia, jirani ameita keteka ati kuna mtu anachinja kwa nyumba. Nikafungulia keteka mlango nikiwa na gumbuti na mwiko mkononi. Akaangalia beseni, akaangalia kitanda, akauliza ako wapi.

Baada ya kuelezana na yeye nikawa na hasira, nikakoroga. Nikakoroga na mwiko kama napika ugali wa watu kumi, maji moto vile vile. Mtu wa sufu ashajua kilichofuata. Kila unywele wa kondoo uko na magamba madogo madogo, ukiupa joto na msukosuko yale magamba yanaingiliana na hayaachani tena milele. Nilitoa kitu kimoja kigumu kimelala kwa beseni kama chapati. Niliokoa kidogo ya pembeni, kama robo kilo. Chapati paka wa jirani ndio analalia, jirani yule yule aliniitia keteka.

TeteUmoja3
"Ako wapi" 😭 huyo keteka apewe kazi ya upelelezi

KulabuYaMwiki
Bedsita na hiyo robo kilo uliifanyia nini

BedsitaRoysa
Bado iko kwa mfuko. Usinikumbushe. Nimeweka na mwarobaini isiliwe na nondo.

ShoshWaDago
Wajukuu hamjambo. Mimi huandikiwa na mjukuu wangu, yeye anaandika na mimi nasema.

Walinipeleka hayo maonyesho wakanikalisha mbele ya msichana anazungusha gurudumu la kusokota, watu wamemzunguka wanashangaa. Mimi nikashangaa wanashangaa nini. Sisi tulisokota mkonge kwa paja. Unaweka nyuzi mbili kwa paja, unazisukuma mbele na kiganja kila moja inajisokota, unarudisha nyuma zinashikana zinakuwa kamba. Mate kidogo kwa kiganja. Tulisuka viondo tukitembea kutoka shambani, kuni mgongoni, mkono unaenda, mdomo unaenda. Wakamba wa zamani walitumia gome la mbuyu, hiyo ni ngumu hata zaidi, lakini ukisikia Mkamba anasema kiondo ni chao nyamaza tu, hiyo kesi ni ya zamani na haitaisha.

Basi nikaomba yule msichana kidogo ya sufu yake. Sufu inateleza, si kama mkonge, lakini ilikubali. Nikainua rinda kidogo nikasokota kwa paja. Mjukuu wangu akasema shosh watu wanakurekodi. Nikamwambia wacha warekodi, paja la kulia halijaota nywele tangu ujana, mkonge ulizimaliza zote, hakuna aibu ya kuonwa hapo.

Sikununua kitu. Bei zao ni za wazungu.

Wewe mama wa sweta ya bluu. Usikae na huzuni. Fumua mikono yote miwili, usiguse mwili. Halafu fuma laini mbili na uzi wa zamani, laini mbili na uzi mpya, mbili na mbili mpaka mwisho. Jicho halitashika mahali rangi imebadilika.

KulabuYaMwiki
Shosh 🙏🏾 nimenyamaza. Mikono yote miwili kweli?

ShoshWaDago
Yote.

BintiAmu_SouthC
Mie kwetu Amu, yaani Lamu, kufuma kwa sufu nimejifunzia huku huku Nairobi kwa sababu ya baridi, kule kwetu nani avae sweta. Tulikwenda wanne na nikachukua kofia ya vito aliyoshona ami yangu, si ya kuuza, ya kuonyesha wenzangu tu kuwa na sisi tuna kazi zetu za uzi. Mnaijua? Kofia nyeupe, imejaa matundu madogo, na kila tundu limezungushiwa uzi kwa sindano, moja moja, mpaka yanakuwa ua. Kofia moja nzuri ni kazi ya miezi. Ami akishona huiweka karibu na pua, na sasa macho yamekwisha.

Basi kuna bwana mmoja kwenye stendi akaigeuza geuza akaniuliza inatumia mashine gani. Nikamwambia mashine ni mtu. Akacheka, akanipa soo tano. Soo tano! Nikamnyang'anya kofia yangu mkononi. Hapo ndipo mmoja wa wenzangu, ambaye siku zote mie namwona mpole na hata bei ya nyanya hawezi kupunguziwa, alipomgeukia yule bwana akamhesabia matundu ya safu moja tu, kwa sauti, moja, mbili, tatu, watu wanasikiliza, alipofika arubaini bwana akaomba radhi. Mpaka leo rafiki yangu huyo tukimwita tunamwita Arubaini.

DayaNewYork
Mimi nilizaliwa Buru Buru lakini niko Marekani sasa, acha niwape ya huku. Kila Oktoba kuna maonyesho makubwa ya kondoo na sufu kwa mji mdogo unaitwa Rhinebeck, jimbo la New York. Nilienda na wenzangu watatu wa kazini. Huku kuna desturi, mtu anafuma sweta mpya ya kuvaa siku hiyo tu, watu wanakesha wiki nzima kumaliza mikono, wengine wanamalizia kwa gari. Na siku yetu jua likawaka kama Machi ya Nairobi. Hakuna mtu alivua. Maelfu ya watu wanatoka jasho ndani ya sufu wakisifiana sweta. Pia kuna llama wanashindanishwa kuruka, hiyo sitaeleza, siwezi.

Nilichokumbuka kwetu ni foleni ya chakula tu. Nimesimama nyuma ya mama mmoja dakika arubaini, nikawa nimehesabu stichi zote za mgongo wake nikajua pateni. Nimeifuma. Hanijui.

TeteUmoja3
Daya hiyo ni wizi wa kimabavu 😂

FundiSwetaKario
Hapana hiyo ni skuli.

KulabuYaMwiki
Wapendwa nimerudi. Nimefumua mikono yote miwili vile shosh alisema, nimeloweka uzi wa zamani nikautundika na uzito ya pegi unyooke juu ulikuwa umejikunja kama noodles. Mbili kwa mbili. Mkono wa kwanza umefika kiwiko na nimeubeba nje kwa jua mara tatu, mara ya nne mzee akaniuliza kama nauanika. Haionekani!! Kwa kweli haionekani.

Shida ni moja. Hesabu yangu inaniambia uzi wa zamani utaisha kama vidole vinne kabla ya mwisho wa mkono wa pili. Kama kuna mtu ako na hata nusu boli ya hiyo bluu nitumie mesej nikupe namba, nalipa, na nakuja mwenyewe kuchukua popote hata kama ni Rongai. Lakini nataka loti ile ya zamani. Narudia, loti.

Mwanagrupu wa kimya
Lori gani?