Msaada: sproketi ya nyuma inalegea, gundi gani itaishika?

Pedali_Kavu: Wakuu, heshima kwenu. Nina fremu ya chuma ya marehemu baba, baiskeli ya gia kumi. Nimeivua gia zote na friwili, ile inayoacha gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia, sasa gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka. Imependeza mno. Shida ni sproketi ya nyuma, lile duara la meno linaloshika mnyororo, inalegea. Gundi gani ya thredi, ile mistari ya skrubu, ni kali kuliko zote? Kesho naendea kazini.

MamaSpoki: Mbele meno mangapi, nyuma mangapi? Anza na 46 kwa 17, usije ukaua magoti.

Njia_Panda: Mzee wangu naye alikuwa nayo. Kila Jumamosi nilimshikia kopo la grisi akifuta mnyororo pingili kwa pingili. Alipofariki wakaiuza chuma chakavu bila kuniambia. Itunze hiyo, mdogo wangu.

Fundi Nati: Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya aina gani? Na inalegea wakati gani?

Pedali_Kavu: Habu nzima, haina tatizo. Inalegea nikiendesha tu kawaida. Jamani, nimeuliza gundi.

Kaunta: Chai hii. Ukikanyaga mbele, sproketi ya thredi inajikaza yenyewe. Hakuna baiskeli hapa. Weka picha.

MamaSpoki: Kweli, hata mimi nimeshtuka.

Pedali_Kavu: Si chai. Haya, nasema. Inalegea nikikaza miguu kurudi nyuma ili nipunguze mwendo. Habu ni ileile ya friwili. Na breki nimetoa zote mbili. Juzi mteremkoni nilikaza miguu, nikasikia "kta", pedali zikazunguka bure. Niliangukia majani, kiwiko hakikunjiki vizuri mpaka leo.

Fundi Nati: Pole sana. Ndiyo maana niliuliza. Habu ya kazi hiyo ina thredi mbili: ya sproketi, na nje yake nyingine ndogo inayokazwa kinyume, ya pete ya kufungia. Sproketi ikitaka kufunguka, inaikaza pete. Yako haina pa kufunga pete, na gundi haimzuii mtu mzima mteremkoni. Tafuta habu yenyewe. Upana wake huwa milimita 120, na fremu nyingi za zamani za sproketi tano nyuma ni hizohizo 120. Pima kwanza. Na breki ya mbele ni lazima.

Pedali_Kavu: Habu nitanunua mwezi ujao. Breki hapana, mkuu. Nimeipaka ile rangi aliyoipenda mzee, mara tatu, kwa brashi ndogo. Siwezi kutoboa uma.

MamaSpoki: Nani kasema utoboe? Fremu za umri huo zina tundu la breki pale juu ya uma, chini ya usukani. Kaangalie, mwanangu.

Pedali_Kavu: Nimetoka kuangalia. Lipo. Nililiziba mwenyewe nilipokuwa napaka rangi.

Fundi Nati: Lizibue leo. Breki yake unayo?

Pedali_Kavu: Ninayo. Sikuitupa.