Naomba ushauri: nakwenda kwa daktari wa kurembesha meno kwa mara ya kwanza, nijiandaeje?

Kimya_Kingi:
Wakuu, habari za muda huu. Wiki ijayo nina miadi na daktari wa meno, wale wa kurembesha. Sijakaa kwenye kile kiti tangu nikiwa mtoto, na nikiwaza tu tumbo linavuruga. Kwa mliopitia, naomba mnisaidie. Nivae nini? Nipake rangi ya mdomo au niende mkavu? Mswaki nipige mara ngapi kabla ya kwenda? Na niulize maswali gani nisionekane mshamba?

Shida yangu ni meno ya mbele, hayana mvuto, hasa moja lina rangi tofauti na wenzake. Mbele za watu sicheki, na ikinizidi naziba mdomo kwa kiganja. Kejeli tafadhali hapana.

Fundi Vitasa:
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja wataalamu waje.

Msaidizi wa Kiti:
Nimemsaidia daktari wa meno kwa miaka mingi, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho.

Rangi ya mdomo futa, na usivae nguo inayowaka. Daktari akitaka kupima rangi ya meno yako atasogeza vipande vya sampuli kando ya jino. Ile seti ya VITA ya siku zote ina vipande 16, kuanzia A1 hadi D4. Mdomo mwekundu au blauzi ya machungwa inamdanganya jicho. Tena kipimo hicho kifanyike mwanzo kabisa, kwa mwanga wa dirishani. Mdomo ukikaa wazi muda mrefu jino linakauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo.

Mswaki piga kama siku zote. Watu wana tabia ya kusugua kwa hasira asubuhi ya miadi, wanafika fizi zimechubuka zinatoa damu, daktari anashindwa kujua hali ya kweli ni ipi.

Halafu chukua karatasi uandike dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda na za kuimarisha mifupa. Ongeza kisukari, moyo, ujauzito, mzio wa dawa yoyote au wa mpira wa glavu. Ukishakaa pale kwenye kiti kumbukumbu inakimbia.

Sasa nikuulize mimi. Hilo jino moja, rangi yake ni ipi? Njano, kahawia au kijivu? Liliwahi kugongwa?

Shangazi Mkali:
Binti yangu, aliyekuumba na meno hayo hakukosea hesabu. Siku hizi kila mtu anataka meno ya simu, yote meupe, yote sawasawa, kama hukumbuki jina la mtu huwezi kumtofautisha na mwenzake. Mwanaume anayekupenda atayapenda na meno yako.

Kimya_Kingi:
Shangazi, shikamoo. Hakuna mwanaume kwenye hili, ni mimi na kioo changu.

Msaidizi, ubarikiwe, rangi ya mdomo nitafuta. Naomba pia kujua: vinia, yale magamba membamba ya kubandika mbele ya meno, kumi za juu zinatosha, au niongeze na za chini zisije zikatofautiana?

Mzee wa Kumbukumbu:
Kwa faida ya vijana, hizi vinia mnazozikimbilia zilianzia kwenye filamu. Daktari mmoja wa California, Charles Pincus, ndiye aliyezibuni mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya waigizaji wa Hollywood. Zilibandikwa kwa unga ule wa kushikizia meno ya bandia, na kamera ikizimwa zinatolewa. Mwaka 1955 Michael Buonocore akaonyesha kwamba ukipaka asidi juu ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, plastiki ya meno inashika vizuri. Vinia za kaure zinazogandishwa zikaduma zikafuata miaka ya 1980.

Yaani kitu kilichobuniwa kivaliwe wakati wa kurekodi tu, leo mtu anasagwa meno akae nacho maisha yake yote. Nawaza tu.

Msaidizi wa Kiti:
Kimya_Kingi, swali langu hujalijibu.

Tabasamu Nusu:
Kabla hujafika kwenye vinia, uliza kwanza habari ya kung'arisha. Mimi nilipewa vibao vya plastiki vilivyochongwa kwa umbo la meno yangu, unaweka jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, unalala navyo. Ndani ya wiki chache meno yaliitika. Yalikuwa yanasisimka kila ninapovuta hewa ya baridi, ila baadaye ikapita.

Lakini nilikuwa na kofia ya kaure, inayofunika jino zima, kwenye jino moja la mbele, na ile dawa haibadilishi rangi ya kaure wala ya plastiki ya kuzibia. Majirani wote wakawa weupe, lenyewe likabaki na rangi yake ya zamani, linaonekana utadhani limekuja kutembea. Ikabidi kofia itengenezwe upya. Kwa hiyo kama una jino lolote lililozibwa kwa mbele, sema mapema, na kung'arisha kutangulie. Tena baada ya kung'arisha daktari anasubiri kama wiki mbili ndipo agandishe kitu, vinginevyo gundi haishiki sawasawa.

Jicho Kavu:
Samahani, nimesoma tangu juu. Dada anasema tangu utotoni hajakaa kwenye kiti cha daktari wa meno, na miadi ni wiki ijayo. Hizo vinia kumi nani amezihesabu?

Kimya_Kingi:
Niliwatumia picha kwa simu, nyingine nimefunga meno, nyingine nimefungua mdomo. Wakanijibu zinafaa kumi. Nikalipa kianzio kwa sababu punguzo linaisha mwisho wa mwezi. Sioni kosa hapo, kliniki nyingi wanafanya hivyo na picha za wateja wao nimeziona, ni nzuri mno. Nilichouliza ni namna ya kujiandaa, sikuuliza niende au nisiende.

Binti Alasiri:
Eeh! Kianzio kimeshatoka. Kumbe tunaomba ushauri bwana harusi akiwa ndani.

Msaidizi wa Kiti:
Picha ya simu haionyeshi mzizi, haionyeshi mfupa, haionyeshi kama unasaga meno usiku. Mtu anayesaga meno akiwekewa kaure bila kinga ya kuvaa akilala, ataziokota vipande vipande. Kwa picha unaweza kukisia rangi na umbo, basi.

Na usiwaulize "ngapi", waulize "mnaondoa kiasi gani cha jino langu?" Vinia ya kawaida inahitaji kupunguza karibu nusu milimita ya enameli, na wakati mwingine chini ya hapo. Enameli haioti tena. Kuna watu wanaambiwa wanawekewa vinia, kumbe meno yamesagwa pande zote yakabaki vijiti na juu zikavikwa kofia. Hapo zaidi ya nusu ya jino lililokuwa zima imekwenda. Daktari aseme neno lipi analifanya, vinia au kofia, na akuandikie.

Omba pia wakuwekee plastiki ya majaribio juu ya meno yako yalivyo, bila kusaga. Unajiona kwenye kioo, unaongea, unatamka "s" na "f", ukipenda ndipo mnaendelea. Anayekataa kukuwekea majaribio akuambie sababu.

Nauliza kwa mara ya mwisho: hilo jino lina rangi gani?

Kimya_Kingi:
Kijivu. Kama moshi hivi. Nilianguka na baiskeli nikiwa shule ya msingi, likalegea, likakaza lenyewe. Haliumi kabisa, kwa hiyo sikuona haja ya kulitaja.

Msaidizi wa Kiti:
Na ufizi juu yake?

Kimya_Kingi:
Kuna kakipele. Kanakuja na kuondoka. Kakipasuka napata ladha ya chumvi mdomoni, kisha kanapotea hata mwezi. Nasukutua maji ya chumvi. Hakaumi jamani, mbona mnakatilia mkazo kitu kisichouma?

Fundi Vitasa:
Duh.

Tabasamu Nusu:
Dada, hicho ni usaha unatafuta mlango.

Jicho Kavu:
Hapana, hapa naomba tusimame. Hii ni chai. Angalieni ilivyopangwa: kwanza rangi ya mdomo, kisha kumi, kisha kianzio, kisha baiskeli, sasa usaha. Kila ukurasa una siri yake kama tamthilia ya jioni. Akaunti imefunguliwa juzi. Ukurasa unaofuata atatokea mtu wa kumtajia "kliniki nzuri sana iliyomsaidia dada yangu" na namba ya simu. Nimekaa humu muda mrefu, naijua harufu yake.

Binti Alasiri:
Kama ni chai, basi tumejua kilichomharibia meno rangi.

Fundi Vitasa:
😂😂 Huyu mtu afungiwe.

Shangazi Mkali:
Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba kuna kitu. Binti mwenye aibu ya kucheka haandiki kwa madaha namna hii.

Mzee wa Kumbukumbu:
Shangazi, wewe mwanzo ulizungumzia wanaume.

Msaidizi wa Kiti:
Jicho Kavu, mgonjwa halisi ndivyo anavyosimulia. Tulikuwa tukimpokea mtu anayelalamikia mpangilio wa meno, dakika ya mwisho, mkono ushashika kitasa, ndipo anauliza "na huu uvimbe je?" Linalomtisha mtu ndilo analolitaja mwisho. Ingekuwa tangazo, angeanza na jina la kliniki.

Na hata kama ni la kutunga, anayesoma kimyakimya akiwa na kipele kama hicho atafaidika. Naendelea.

Jino lililogongwa linaweza kufa ndani miaka mingi kabla mwenyewe hajajua. Damu na tishu zilizooza ndani ndizo zinazolitia jino ule ukijivu. Vijidudu vinatokea kwenye ncha ya mzizi, mfupa unaliwa polepole, usaha unachimba njia ya kutokea kwenye ufizi. Haliumi kwa sababu usaha una pa kutokea. Siku njia hiyo ikiziba ndipo utavimba uso.

Kubandika vinia juu ya hilo ni kupaka rangi ukuta unaovuja. Kwanza eksirei. Kisha, kama mzizi unaokoleka, unasafishwa na kuzibwa. Kama umepasuka, jino litatoka na mtazungumzia namna ya kuziba pengo.

Jambo ambalo huenda hawakukwambia ni hili: jino lililokwisha kutibiwa mzizi linaweza kung'arishwa kutokea ndani. Dawa inafungiwa ndani ya jino siku kadhaa, inabadilishwa mpaka rangi ikaribiane na majirani. Si kila jino linaitika, ila lako likiitika, yale mengine tisa wanakusagia ya nini?

Kimya_Kingi:
Jicho Kavu, sina kliniki ya kumtajia mtu. Kila asubuhi nasimama kwenye kioo, navuta mdomo wa juu kwa kidole, nakabonyeza nione kama kamerudi. Leo kapo. Cheupe katikati, pembeni pekundu. Kama nimetunga basi nimetunga na kioo.

Msaidizi, nimekuelewa. Nitapiga hiyo eksirei. Ila miadi sifuti. Kianzio wamesema hakirudi, na mwezi ujao kuna shughuli nitasimama mbele za watu. Nafikiri naweza kufanya yote kwa pamoja, mzizi na vinia wiki moja.

Tabasamu Nusu:
Wiki moja, uweke kaure juu ya jino ambalo hujui kama litabaki kinywani?

Kimya_Kingi:
Yale tisa hayana ugonjwa.

Tabasamu Nusu:
Ndiyo sababu yenyewe ya kutoyagusa!

Binti Alasiri:
Kuhusu kianzio: waandikie, usipige simu. Waulize kama kinaweza kuhamishiwa kwenye matibabu ya mzizi, au kukaa mpaka jino lipone. Mimi niliwahi kulipia nguo ya kushonwa nikabadili mwili, fundi akakubali kianzio kikae. Na hiyo shughuli, daktari anaweza kukugandishia plastiki ya meno kwenye jino hilo moja baada ya mzizi kutulia. Inawekwa kwa kikao kimoja, haidumu kama kaure, lakini picha utapiga.

Msaidizi wa Kiti:
Ushauri wa Binti naunga mkono, ukiacha habari ya nguo. Kianzio kilichopotea kinauma mara moja tu. Eksirei nenda kapige kwa daktari mwingine asiye na hisa kwenye zile kumi, uombe nakala uondoke nayo, uwapelekee hao wenye punguzo. Na wakati wowote shavu likivimba, homa ikapanda, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usisubiri miadi ya mtu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Jicho Kavu:
Eksirei ikitoka aiweke hapa, jina amelifunika. Nitaomba radhi hadharani.

Shangazi Mkali:
Mwanangu, hilo la usaha nenda. Yale mengine tutasema baadaye.

Kimya_Kingi:
Eksirei nimepata nafasi kesho asubuhi, kwa daktari mwingine. Hao wa kumi nimewaandikia sasa hivi: je, mnapiga eksirei kabla ya kusaga? Wamenijibu kwa picha ya mteja anacheka na moyo mwekundu.

Jicho Kavu:
Hiyo nayo iweke tuione.