Ukoo wa Bibi Somoe (Mikindani)

*Ijumaa*

Mwanaidi 13:08
Asalaam aleikum. Kabla ya habari ya maturubai, sikilizeni. Tarantula wa Hamisi, yule buibui mkubwa anayemfuga, amelala chali tangu saa 6. HAJAFA. Anajivua ganda. Asiguswe, na ile meza isitikiswe.

Nuru 13:11
[picha]

Anko Selemani 13:15
Huyo keshakwenda mwanangu 😂

Mwanaidi 13:16
Anko, shikamoo. Angekuwa amekufa miguu ingejikunja chini ya tumbo kama ngumi. Huyu kaitandaza, na kalalia utando aliousuka mwenyewe jana. Wiki ya tatu hii hali kitu.
Nuru, yule panzi wa juzi umemtoa?

Nuru 13:20
Nilimtoa asubuhi dada

Mwanaidi 13:21
Vizuri. Akishavua anakuwa laini, panzi anaweza kumtafuna.

Jumbe 13:29
Kumbe kujivua gamba si maneno ya wanasiasa tu 🤣🤣

Mwanaidi 13:30
Jumbe, kesho hitima. Watu 60. Mimi nipo kazini mpaka saa 12. Nataka mmoja akae na Nuru sasa hivi, mwingine ashike usiku. Nani?

Mwanaidi 14:05
Nani jamani?

Shangazi Zainabu 14:22
Mimi saa 10 napuliza dawa ya mbu hapo sebuleni. Wageni watalala wapi?

Mwanaidi 14:22
Shangazi nakuomba, usipulize! Itamuua.

Shangazi Zainabu 14:31
Kufagia nifagie mimi, kupika nipike mimi, wengine kazi yao kupanga zamu kwenye simu. Ndiyo yale yale ya mikorosho ya Naliendele.

Anko Selemani 14:33
Zainabu, hilo usilifungue

Shangazi Zainabu 14:33
Nalifungua. Nani alipalilia? Nani alipokea hela?

Jumbe 14:40
Aliyepokea anajijua 👀

Mwanaidi 14:41
Hayo Bibi akiwepo. Leo naomba hiyo dawa tu, shangazi yangu.

Nuru 15:02
JAMANI ganda la mgongo limefunguka kama kifuniko cha sufuria!!
Anavuta miguu yote pamoja, anapumzika, anavuta tena. Meno yake meupe kama punje za mchele
Na ule mguu uliokatika UMEOTA. Mdogo, mwembamba, lakini upo

Mwanaidi 15:04
Alhamdulillah. Machozi yananitoka huku kazini.

Hamisi 16:47
Nimefika Lindi, mtandao ndiyo umerudi. Nuru ahsante sana mdogo wangu. Usimpe chakula mpaka meno yawe meusi, ngoja kama siku kumi. Maji tu kwenye kisahani. Wa kwetu hawa hawana manyoya ya kuwasha ya kumrushia adui kama wale wa Amerika, ila wanauma kweli, mkono usiingize.
Ganda msitupe. Kwa ndani ndiko nitajua kama ni jike.

Jumbe 16:50
Akiwa jike unaoa? 😂

Hamisi 16:52
Jike anaweza kufika miaka 20 na zaidi. Dume akishakomaa hana siku nyingi.

Bibi Somoe 17:10
[sauti 0:48]

Nuru 17:19
Kwa ambao hamwezi kusikiliza, Bibi anasema: "Zainabu, weka chini hilo bomba. Watoto saba nimewazaa chumba kile, na kila mara mlango ulifungwa, watu wakanyamaza. Kiumbe aliye kwenye uchungu hahamishwi. Wageni watakaa barazani. Na wewe Selemani, hiyo ya Naliendele, baada ya hitima uje chumbani kwangu."

Shangazi Zainabu 17:58
Sawa mama.

Mwanaidi 18:20
Shukrani Bibi. Sasa usiku nani?

Jumbe 18:44
Labda mimi, nikimalizana na mwenye maturubai

Mwanaidi 18:45
Labda si jibu. Saa ngapi?

Nuru 19:31
Kageuka!! Kasimama kwa miguu yake 😭 ganda liko pembeni kama buibui wa pili

Anko Selemani 20:15
Kesho mimi nitachelewa kidogo. Msinisubiri kwenye dua.

Mwanaidi 21:40
Jumbe? Nuru yuko peke yake pale.