Mwenye nyumba kanitoa, kaunsili wananizungusha. Nifanyeje?

mama_wawili: Wakuu, niko England, mji mmoja wa kaskazini, na wanangu wawili. Mwenye nyumba alinipa notisi ya miezi miwili. Kaunsili (halmashauri ya mji) nimewaomba makazi, kila siku fomu inarudi: leo taarifa ya benki, kesho cheti cha mtoto. Nina haki gani?

MzeeWaSinza: Pole dada. Mimi 2016 mwenye nyumba alikuja na fundi wakaezua bati, na kodi ya miezi sita nilishalipa! Rudi nyumbani ujenge.

nesi_ughaibuni: Notisi peke yake haikutoi. Mpaka mahakama iamue na dalali wake aje. Na kwa sheria ya 2017, zikibaki siku 56 kaunsili lazima waanze kukusaidia. Bado uko ndani?

mama_wawili: Kwani hilo linabadilisha nini?

nesi_ughaibuni: Kila kitu.

mama_wawili: Funguo nilirudisha Jumatatu. Alinipa pauni 400. Msinilaumu, alikuwa anagonga mlango usiku, mdogo akawa anakojoa kitandani. Tuko sebuleni kwa rafiki, nguo kwenye shangazi kaja tatu nyuma ya kochi. Kuna chumba nimekiona, kesho nalipa amana.

Mlokole_Halisi: Baba watoto yuko wapi? Tuanzie hapo.

Kisiki: Chai hii. Juzi si wewe uliyekuwa unauza kiwanja Kibaha? Leo huna pa kulala?

mama_wawili: Kiwanja cha marehemu baba, tuko ndugu watano. Unadhani amana nilikuwa naitafuta wapi?

Kisiki: Basi weka picha ya notisi.

nesi_ughaibuni: Kisiki, mwache. Mama, watasema umejikosesha makazi kwa makusudi. Jibu lako ni huko kugonga usiku: kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa la jinai, sheria ya 1977. Andika tarehe zote. Kama una ukaazi wa kudumu, kwa kuwa una watoto wanatakiwa wakupe pa kulala wakati wanachunguza. Wakikataa, dai uamuzi wa maandishi, una siku 21 za kuomba mapitio. Shelter, shirika la hisani la mambo ya makazi, wanashauri bure, wapigie kabla hujatoa hiyo amana.

mama_wawili: Ukaazi ninao. Jumbe zake pia, nyingine za saa sita usiku. Amana nasubiri kwanza. Rafiki kasema mwisho Ijumaa, kesho kaunsili wakifungua niko mlangoni.